Tui la Hitima

Mwalimu Cornel alikuwa mtu wa amri, na watu wa amri wana ugonjwa wao: wakishaamuru, hudhani kazi imekwisha. Asubuhi ya hitima ya Bi Swaumu, mama wa jumbe wa kijiji, Cornel aliamka akaamuru. Mkewe, Benedikta, ayachukue maji yote ya mtungini ayapeleke kwa jumbe, kisha abaki huko kuwasaidia wapishi. Binti yao, Laurentia, afagie uwanja mpaka kwenye ua wa jirani, halafu akae ndani atulie. Mbwa afungwe. Hilo la mbwa hakumwachia mtu. Alimfunga mwenyewe kwenye nguzo ya banda la kuku, kwa kamba ya mkonge, akaivuta tena kuhakikisha, akaenda zake kuoga.

Tumwonee huruma kidogo, maana siku ile ilikuwa kubwa kwake pengine kuliko kwa wafiwa wenyewe. Pale Kurui, wakati ule wa Mwingereza, wenyeji walikuwa Waislamu, na Wakristo walikuwa nyumba chache tu za wakulima, Wakatoliki wa kigango kisicho na kanisa. Cornel alikuwa katekista wao. Walimwita Mwalimu, naye aliwafundisha watoto sala na kusoma kwenye upenu wa nyumba yake, na kwenye upenu huohuo ndipo waliposali Jumapili. Mvua ikipigwa na upepo, nusu ya waumini waliloa. Padri alikuwa ameahidi kuwajengea kikanisa ambacho siku za kazi kingekuwa shule, ila bomani Kisarawe walitaka kwanza jumbe wa kijiji akubali kutoa kiwanja mbele ya wazee wake.

Jumbe Mwinyimadi alikuwa amewazungusha weee, leo mashamba, kesho mgeni, keshokutwa mafua. Mwishowe alisema neno lake atalitamka siku ya arobaini ya mama yake, wazee wote watakapokuwa wamekusanyika kumsomea hitima. Kila Mkristo wa Kurui alilijua hilo. Mzee Didas, mkuu wa wazee wa kigango, alikuwa ameshachagua hata mti wa kutundika kengele.

Jioni ya kuamkia siku hiyo, Bi Mwanamvua, dada wa jumbe na mkubwa wa wapishi, alikuja kwa Cornel na ombi. Uwanja wao wa nyuma ungejaa meko na moshi, na wakunaji wa nazi walitaka kivuli. Kivuli kizuri kilikuwa upande wa Cornel, chini ya mkorosho wake uliopakana na ua wa jumbe. Je, wangeweza kukaa pale na mbuzi zao za kukunia na mabeseni yao? Cornel alimjibu kuwa hiyo ni heshima kwake.

"Lakini mbwa wako, Mwalimu," alisema Bi Mwanamvua. "Unatujua sisi."

"Mbwa nitamfunga, dada yangu. Hilo niachie mimi."

Mbwa mwenyewe aliitwa Shauriyao. Jina alikuja nalo kutoka shamba la mkonge la Soga alikozaliwa, na Cornel alilionea haya kila alipolazimika kuliita kwa sauti kubwa, ila mbwa alikataa jina jingine lolote. Alikuwa mwekundu, mbavu nje, mpole kwa watu na mkali kwa nguruwe mwitu. Hilo la nguruwe ndilo lililomfanya avumiliwe na kijiji. Wanyama hao walipoingia kwenye muhogo, Shauriyao hakuuliza lipi ni shamba la Mwislamu na lipi la Mkristo. Jumbe mwenyewe alikuwa akimrushia mfupa mara mojamoja, huku akitazama pembeni kana kwamba mfupa umemponyoka.

Basi siku ya hitima jua likapanda. Cornel alikuwa kila mahali isipokuwa kwake. Alibeba mikeka, alipasua kuni, aliwaamkia wazee mmoja baada ya mwingine na kusubiri marahaba ya kila mmoja iishe. Watu walimsifu. Walisema yule mwalimu wa Wakristo ni mtu hasa, naye alisikia, akazidi kupasua kuni. Banda la kuku hakulikumbuka hata mara moja.

Adhuhuri ilipokaribia alirudi nyumbani kubadili shati lililolowa jasho. Chini ya mkorosho hapakuwa na mtu. Wakunaji walikuwa wameitwa kusaidia kuinua masufuria ya wali, kwani sufuria za shughuli haziinuliwi na watu wawili. Walikuwa wameacha mbuzi zao, rundo la vifuu, na beseni kubwa la tui zito, lile la kumalizia wali. Ungo uliofunika beseni ulikuwa umeanguka chini. Shauriyao, shingo tupu bila kamba, alikuwa ameingiza mdomo wote ndani, anakunywa. Alikunywa macho yamefumba, mbavu zikipanda na kushuka.

Cornel alimkemea kwa sauti ya chini, kama mtu anayefukuza kuku. Mbwa aliinua kichwa, sharubu nyeupe kwa tui, akatikisa mkia. Kisha aliuona uso wa bwana wake, akakimbilia nyuma ya nyumba.

Mtu mwingine angepiga kelele hapohapo. Cornel alitazama huku na huku. Hapakuwa na aliyeona. Mkono wake uliinama wenyewe, ukaokota ungo, ukaupangusa vumbi, ukafunika beseni vizuri. Akili ilikuja baadaye na kumkuta amesimama kando ya beseni, mikono nyuma, kama askari wa boma aliyewekwa lindo.

Wanawake walirudi wakiongea wote kwa pamoja. Bi Mwanamvua aliinamia beseni, akasaidiwa kujitwika, akageuka.

"Ahsante kwa kutulindia, Mwalimu," alisema.

"Haya," alijibu Cornel.

Likaenda beseni, likapita kwenye upenyo wa ua, likamiminwa. Alisikia hata mwiko ukigonga ukingo wa sufuria.

Kwa Waislamu wa Kurui mate ya mbwa si uchafu wa kupangusa na kitambaa. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, na mojawapo lazima iwe kwa udongo. Chakula cha majimaji alichokigusa humwagwa. Cornel hakuhitaji kuambiwa hayo na mtu. Baba yake mdogo alikuwa Mwislamu, binamu zake Waislamu, na nusu ya ukoo wake ilikuwa imekaa kwenye mikeka ya jumbe ikisubiri wali uleule. Aliingia ndani.

Laurentia alikuwa ameketi ukutani, mikono ameificha chini ya mapaja. Alikuwa katika umri ule wa kung'oka meno ya mbele. Baba yake alimwuliza ni nani aliyemfungua mbwa.

"Sijui, baba."

Cornel aliuliza tena, kwa sauti ya chini zaidi, na sauti hiyo ya chini ndiyo waliyoiogopa watu wa nyumba ile. Mtoto alisema tena kuwa hajui. Kwenye gauni lake palikuwa na nyuzi za mkonge, zimenasa kifuani. Cornel aliziona. Aliona pia jinsi mtoto alivyoupima mlango kwa macho, kama anaweza kupita kabla hajafikiwa. Siku nyingine angemcharaza kwa kosa, kisha akamcharaza kwa uongo. Safari hii mkono ulikuwa mzito, na uzito huo ulimkera, maana alijua ulikotoka. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka kusema "haya".

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Didas ndani ya koti lake la sikukuu, anakuja kumhimiza kwamba wazee wameshakaa. Aliuona uso wa Cornel, akauliza kuna nini. Cornel alimwambia yote. Didas alisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuka, akaufunga mlango.

Didas hakuwa mtu mbaya, tusimpakazie. Alikuwa amewazika watoto wake wawili kwa sala za upenuni, mvua ikinyesha juu ya majeneza, na tangu hapo alikuwa na kiu ya kanisa lenye paa. Alisema tui limeshachemka, na moto haubakizi uchafu. Alisema watakula, watashiba, watamwombea marehemu, na Mungu anayejua mioyo hatawahesabia wasichokijua. Cornel alisema wao wenyewe hawaamini hivyo. Didas akajibu kuwa imani yao si mzigo wa Wakristo. Cornel akasema alimpa Bi Mwanamvua ahadi. Hapo Didas akamtazama mtoto.

"Kama roho yako haitulii, basi sema mtoto ndiye aliyemfungua. Mtoto halaumiwi na mtu. Watakasirika leo, kesho wamesahau." Akamshika Cornel mkono. "Wewe ni kiongozi wetu, Mwalimu. Kiongozi ni yule anayewafikisha watu wake. Usitutie mchanga kwenye kitumbua, leo ambapo kimeshaiva."

Nisimpambe Cornel: wazo lile alilipenda. Halikuwa na uongo ndani yake. Ni mtoto kweli aliyefungua. Lingemtoa yeye kwenye lawama, lingekiokoa kiwanja, na Waislamu wasingekula najisi. Alilipindua kichwani akaliona limekaa vizuri pande zote. Laurentia, pale ukutani, hakuwa akimtazama tena. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyekwisha kusomewa hukumu.

Cornel alishikwa na kiu. Alikwenda kwenye mtungi akatumbukiza kata. Kata ilikwaruza udongo wa chini, ikatoka tupu. Ndipo alipokumbuka kwamba maji yote yamekwenda kwa jumbe, kwa amri yake. Akatoka nje akiwa bado na kata mkononi, akapita kwenye banda la kuku.

Jua lilikuwa limelikalia banda lote. Kwenye nguzo kamba ilikuwa imefunguliwa taratibu, fundo baada ya fundo, na vidole vidogo. Kuizunguka nguzo, mbwa alikuwa amechimba mpaka mizizi ikaonekana, akitafuta udongo wa baridi wa kulalia. Kigae chake cha maji kilikuwa kimepinduliwa na kukauka. Hakuna aliyetia maji humo tangu jana. Cornel alisimama pale akitazama. Alikuwa amemfunga kiumbe juani, akaondoka na maji, akaenda kupasua kuni za watu ili asifiwe. Mwenye kuliona hilo na kulifanyia kitu alikuwa mtoto, na hata huyo alipoukuta mtungi mtupu, hakuwa na la kumpa mbwa ila kumwachia akajitafutie.

Kutoka upande wa jumbe sauti za kisomo zilikuwa zikishuka. Walikuwa wanakaribia dua. Cornel alitundika kata, akaenda.

Alipofika, Maalim Twalibu, aliyekuwa akiongoza kisomo, alikuwa anapokea amin za mwisho. Watu walijipangusa nyuso kwa viganja. Vijana wakaanza kupitisha maji ya kunawa, na nyuma yao masinia ya wali, meupe, yakitoa mvuke, harufu ya tui ikajaa uwanjani. Cornel alitaka kukaa pembeni karibu na Didas. Jumbe Mwinyimadi alimwona, akampungia mkono aje kwenye sinia lake, kati yake na Maalim Twalibu. Hakuna Mkristo aliyewahi kuitwa kwenye sinia lile. Minong'ono ya kuridhika ikapita kwenye mikeka. Didas alimtupia Cornel jicho moja tu, na jicho lile lilisema, unaona?

Cornel alikaa. Jumbe alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza wajibu kwa mama yake. Aliwaambia wazee, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba wakishakula ana neno la kusema juu ya kiwanja cha majirani zao, na kwamba siku ya kheri haifai kunyimana. Kisha akanyoosha mkono kwenye sinia. Maalim Twalibu naye akanyoosha wake. Cornel aliitazama mikono ile miwili. Alihisi kwamba akishusha pumzi tu, mikono itafika.

"Jumbe, naomba msile," alisema.

Jumbe alicheka kidogo, akidhani ni utani wa kijirani. Cornel akarudia. Safari hii hakuna aliyecheka.

Alisimama ili wa nyuma wasikie, akaeleza. Mbwa wake amekunywa tui lililotiwa katika wali. Alimwona kwa macho yake. Akalifunika beseni kwa ungo. Bi Mwanamvua alimshukuru kwa kulinda, naye akamjibu "haya", akaliacha beseni liende. Yote hayo aliyasema bila kupamba, akimtazama jumbe. Mikono ilirudi nyuma sinia baada ya sinia. Mzee Mwishehe, ambaye hajawahi kusubiri bismillahi ya wenzake tangu azaliwe, alilitemea tonge lake kwenye kiganja na kubaki amelishika, hajui alitupe wapi. Kutoka jikoni mwanamke mmoja alisikika akilia.

Jumbe hakuinua sauti. "Ulimwambia dada yangu utamfunga."

"Nilimfunga."

"Nani kamfungua?"

Didas aliinua kichwa. Kwenye upenyo wa ua, kati ya makuti, Cornel aliona kipande cha gauni na jicho moja. Lilikuwa jicho la Laurentia, halipepesi. Jina la mtoto lilikuwa pale kwenye ulimi wake, kweli tupu, jepesi kulitoa.

"Nilimfunga juani tangu alfajiri, sikumwachia tone la maji," alisema Cornel. "Aliyemfungua alimhurumia, na huruma hiyo ilikuwa kazi yangu mimi. Kosa msilitafute kwingine, Jumbe. Liko hapa."

Pazi, mpwa wa jumbe, kijana wa moto, alikuwa ameshanyanyuka na panga, anauliza mbwa yuko wapi. Jumbe alimwambia akae. Alisema mbwa hakumwahidi dada yake kitu, wala hakumwambia "haya". Watu wengine waliinama kuficha nyuso. Halafu akamgeukia Cornel, na sasa hasira ilikuwa imempanda.

"Mama yangu nilimzika mara moja. Leo umenifanya nimzike tena, mbele za watu, na njaa juu. Kile kiwanja, Mwalimu, kitoe kichwani mwako. Mimi nikiwa hai hukipati."

Ikawa imekwisha. Cornel alihisi kitu kimemtoka mwilini, na baada ya kutoka hakikurudi. Aliinamisha kichwa, akasema amesikia.

Wali ulibebwa ukamwagwa kwenye shimo nyuma ya jiko, sufuria moja, kisha ya pili. Mvuke ulipanda kutoka shimoni. Nyama ilikuwa imepikwa mbali na haikuguswa, lakini nyama peke yake si shughuli. Cornel aliomba vijana waende wakang'oe muhogo kwenye shamba lake, wote watakaoutaka. Jumbe alisema hataki kitu chake. Maalim Twalibu alisema muhogo uko ardhini na haujalambwa na mtu, na wageni wana njaa, na marehemu hataombewa na watu wanaonguruma matumbo. Basi vijana wakaenda. Mzee Mwishehe akawafuata, kuwaharakisha.

Didas alipita karibu na Cornel akiwa amelivua koti, amelitia kwapani. Alisema neno moja, "Umetumaliza," akashika njia ya kwake. Wakristo wengine wakamfuata. Hakuna aliyeaga.

Masufuria yalikuwa bado. Maalim Twalibu alikumbusha kwamba lazima yaoshwe kama ilivyoamriwa kabla ya kutiwa kitu kingine, na beseni, na miiko, na masinia. Wanawake walikuwa hawajalala tangu jana. Walitazamana, hakuna aliyesogea. Cornel alikunja suruali, akapiga magoti mbele ya sufuria ya kwanza. Bi Mwanamvua alimwambia aache kujidhalilisha, mwanamume mzima, tena mwalimu. Cornel alimwomba amwonyeshe udongo wa kutumia. Alimwonyesha kwa kidole, uso ameukaza, akasimama juu yake kuhesabu, kwani hakuwa tayari kumwamini kwa hesabu wala kwa kitu kingine chochote siku ile.

Benedikta alikuwa amesimama kando na ndoo. Hakumlaumu wala kumpoza. Alimkunjia mikono ya shati mpaka juu ya viwiko, akatia maji, akaenda kisimani kuleta mengine. Wanaume waliokaa kwenye mikeka waliweza kumwona Cornel vizuri kutoka walipokuwa, kichwa ndani ya sufuria, matako nje, masizi mpaka mabegani. Wengine walimtazama kwa kuridhika. Baadaye wakachoka kumtazama.

Alikuwa kwenye sufuria ya pili, maji mara kadhaa yameshamwagwa, alipoona kivuli cha jumbe. Mwinyimadi alikuwa amekuja peke yake, mikono nyuma. Alisimama akitazama udongo ukisuguliwa.

"Ungenyamaza, nisingejua," alisema.

"Ndiyo."

"Hapakuwa na mtu wa kukushauri unyamaze?"

Cornel aliendelea kusugua. Jumbe alisubiri jibu mpaka akaelewa kuwa halipo. Alikuwa anageuka aondoke, ndipo sauti ndogo ikasema nyuma ya Bi Mwanamvua:

"Ni mimi niliyemfungua. Alikuwa ametoa ulimi."

Laurentia alikuwa amepenya kwenye ua bila kuonekana. Alikuwa amejibanza nyuma ya Bi Mwanamvua, ameishika kanga yake kwa mikono miwili, upande wa uso tu ukionekana. Bi Mwanamvua mwenyewe alishtuka. Jumbe, pamoja na hasira zake zote, alikuwa babu wa watu. Alichuchumaa, akalainisha sauti, akamwambia asiogope, yeye hamfanyi kitu.

Mtoto hakumtazama jumbe. Alikuwa akiitazama mikono ya baba yake.

Cornel naye akaitazama. Ilikuwa imetulia juu ya ukingo wa sufuria, myeusi, inadondosha matope. Alielewa polepole, na alipoelewa, jambo hilo lilimuuma kuliko kukosa kiwanja. Mtoto wake alikuwa amekuja kusema kweli mbele ya jumbe, mbele ya watu waliokasirika, na hakuna hata mmoja wao aliyemtisha. Alikuwa ametafuta mtu wa kujikinga naye, akampata mama wa nyumba ya watu ambaye asubuhi hii hakumjua zaidi ya shikamoo, na aliyekuwa akijikinga dhidi yake ni baba yake. Kigango kizima kilimwita kiongozi. Padri alimwita nguzo. Nyumbani kwake mbwa alikosa maji na mtoto alikosa pa kusemea.

Aliitumbukiza mikono ndani ya maji machafu ya sufuria, isionekane.

"Ulifanya vizuri kumfungua," alisema. "Mimi ndiye niliyekosa. Nisamehe, mwanangu."

Wanawake waliacha walichokuwa wakifanya. Pale Kurui baba alikuwa hamwombi mtoto msamaha, tena hadharani, tena akiwa amepiga magoti, na mmoja wao alinong'ona kwamba mwalimu amechanganyikiwa na jua. Jumbe alisimama, akageuzia uso kwenye ua wa makuti, akaukazia macho kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale. Hakusema neno juu ya kiwanja. Hakulisema siku hiyo wala siku nyingine, na watu wa kigango waliendelea kuloa upenuni masika mpaka masika. Lakini hakuondoka.

Laurentia alibaki amening'inia kwenye kanga. Cornel hakumwita. Alitaka sana kumwita, akajizuia, akangoja, maji yakimchuruzika kwenye viwiko.

"Imebaki mara moja," alisema Bi Mwanamvua, ambaye alikuwa bado ana hasira na hakuisahau hesabu. "Maji yako wapi?"

Ndoo ilikuwa pale karibu, Benedikta ametoka kuitua. Laurentia aliiachia kanga, kidole kimoja kimoja. Akachukua kata, akaijaza, akaenda mpaka pale alipokuwa baba yake, akaanza kummiminia.